Gari likimisi, usikimbilie kufungua taimingi

Ukianza kazi gereji hapa Mwanza utasikia neno taimingi, yaani mpangilio wa wakati wa cheche na valvu, kila siku. Gari likitetemeka kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, taimingi. Likishindwa kupanda kilima cha Bugando, taimingi. Wateja nao wanafika nalo mdomoni kabla hujafungua boneti. Wadogo zangu, shikeni jambo hili mapema: taimingi ikihama, kwa injini hizi za silinda nne inaharibu kazi ya silinda zote. Silinda moja ikimisi, yaani ikikosa kuchoma petroli, na tatu zikachoma vizuri, tafuta kwenye ile moja kwanza.

Kuijua si kazi ngumu. Washa injini, iache sailensa, chomoa soketi ya koili (kifaa kinachoipa plagi moto) moja moja huku unasikiliza. Mlio ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi; rudisha soketi haraka, maana petroli isiyoungua inaua katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Ukichomoa na kisibadilike kitu, mgonjwa ndiye huyo. Mwenye mashine ya kupima atasoma kodi za hitilafu P0301 hadi P0304, kila kodi na silinda yake. Hamisha koili ya namba mbili uipeleke namba tatu, futa kodi, endesha. P0302 ikigeuka P0303, nunua koili. Isipogeuka, hamisha plagi, halafu angalia nozeli ya petroli na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Chungulia pia visima vya plagi. Magari mengi mjini huoshwa kwa pampu mpaka ndani ya boneti, maji yanatuama chini ya koili na moto unatorokea kwenye bodi. Kwenye kauri ya plagi utakuta kimstari cheusi, chembamba, kimeshuka wima. Kausha, badilisha plagi na mpira wa koili.

Sasa tuseme zote nne zinasumbua. Hapo taimingi ina haki ya kushukiwa, ila uliza ni ipi. Ipo ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche, na ipo ya valvu, inayoshikwa na mkanda au cheni. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga ikipewa mzigo. Ikichelewa, gari linakosa nguvu na kuchemsha. Mkanda ukiruka meno, kompresheni hushuka karibu sawa kwenye silinda zote, na kipimo hicho nakiamini kuliko sikio la fundi yeyote. Toa plagi zote, kata moto na petroli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata usome kompresheni ya kila silinda. Zikiwa chini zote, mimina oili kidogo kwenye kila silinda upime tena. Zikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Zisipopanda, fungua kava ya mkanda.

Kwa Corolla za zamani zenye injini ya 5A-FE na distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), pasha injini moto, unganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia, kwa waya, ndipo umulike taa ya taimingi. Alama isome digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Bila ule waya kompyuta inasogeza cheche yenyewe, na unachokisoma hakikusaidii. Tabia ya kuzungusha distribyuta mpaka injini isikike tamu inaniudhi kwelikweli. Injini husikika tamu kwenye sailensa cheche ikiwahi, kisha mteja anapakia abiria na kwenda kuumiza pistoni mlimani.

Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE haina distribyuta wala mkanda, ina cheni. Ikileta P0016, kodi inayosema kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) havipatani, usimtume mteja kununua cheni papo hapo. VVT-i, mfumo unaosogeza taimingi ya valvu, inasukumwa na oili. Oili ikipungua au ikigeuka tope, kamshafti inaweza kukwama ikiwa imewahi, na gari linatetemeka na kuzima kwenye sailensa. Pima oili, toa solenoidi (valvu ya umeme inayoongoza oili hiyo), safisha kichujio chake. Cheni ikikwaruza kila asubuhi unapowasha, hapo fungua.

Ukishafunga mkanda au cheni, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Alama zote zirudi mahali pake. Ukihisi imegoma, acha kulazimisha, huenda pistoni imegusana na valvu.

Siku moja utaletewa pia injini ya boti kutoka Igombe. Haiwaki, au inawaka na kupiga mlio kama risasi, na mvuvi ameshabadilisha plagi na kabureta imeshasafishwa. Vua flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, uangalie ufunguo wake, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa kranki. Ukikatika au ukipinda hata kidogo, sumaku inahama na cheche inatoka wakati usio wake. Weka ufunguo mpya wa injini hiyo hiyo, usichonge msumari. Halafu tafuta kilichoukata. Flaiwili hushikwa na ule mchongoko wa kranki. Ufunguo kazi yake ni kuiweka mahali pake tu. Nati ikilegea, au pakiwa na grisi kati ya vyuma viwili, ufunguo mpya nao utakatika. Futa pande zote mpaka zikauke, kisha kaza nati kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.