Mamangu bado anaongea Olusuba, mimi sijui. Nifanyeje?

SWALI: Shangazi, habari. Mimi ni mama wa watoto 2, naishi Nairobi, kwetu ni kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Mamangu akikaa na wazee wenzake wanaongea Olusuba, lugha yetu Wasuba, na mimi nadaka neno moja moja tu, kwetu tumezoea Kijaluo. Nataka wanangu wajifunze ila mume wangu anasema lugha hiyo haitawapa kazi. Kweli najisumbua bure?

JIBU: Hujisumbui mwanangu, na mumeo usimkasirikie, hilo la kazi nalisikia kila siku. Ila jiulize Olusuba ilipotelea wapi. Wazee wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walioa mabinti wa Kijaluo, mama akalea watoto kwa lugha yake, soko likawa la Kijaluo, shule na kanisa pia, basi vizazi vichache tu mtu anabaki Msuba wa jina. Jikoni kabisa, bila mtu kugombana na mtu. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia yaliwakuta hayo hayo, walikuwa warina asali na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki, walipoanza kuoana na Wamaasai mahari ikawa ng'ombe na watoto wakalelewa kwa Kimaa, sasa yale maneno yao ya nyuki na msitu nani ayaseme? Inaniuma sana hiyo.

Na mwambie mumeo hivi, Olusuba ni Kibantu, ndugu yake Luganda na Lusoga. Wazee wenu walivuka ziwa kutoka huko Uganda na ushahidi uko mdomoni mwa mamako, ukisikiliza maneno yake unasikia walikotoka. Kijaluo hakiwezi kukuonyesha hiyo njia hata ukikiongea vizuri namna gani.

Sasa fanya hivi. Likizo ya Desemba wapeleke watoto kwa nyanya yao wakae wiki kadhaa, na umwombe asiwabadilishie lugha hata wakimtolea macho, wataelewa tu, watoto hushika haraka. Huko Mfangano kuna redio ya Ekialo Kiona inatangaza kwa Olusuba, waache waiskie. Wewe mrekodi kwa simu, majina ya samaki, vipande vya mtumbwi, hadithi, hata akikohoa katikati usifute. Usingoje Desemba lakini, mpigie leo jioni umuulize upepo wa asubuhi ziwani anauitaje.