Uliza Ujibiwe: Mgeni kasema “pissed”, kalewa au kakasirika?

SWALI: Sisi ni waongoza wageni mlimani. Asubuhi ya kuanza safari, mgeni wetu kutoka Uingereza alituandikia: “Sorry, got pissed last night. Can we start later?” Mwenzangu, aliyezoea wageni wa Kimarekani, akasema mgeni kaudhiwa na hoteli, tukaanza kuomba radhi. Mgeni akabaki anacheka. Neno hili lina maana gani, na sisi tunaweza kulitumia?
– Mwongozaji, Moshi

JIBU: Mgeni wenu alipiga mtungi usiku, basi. Alikuwa anaomba muda pombe imtoke kichwani. Mwenzako naye hakubuni: kwa Mmarekani, “pissed” ni kukasirika. Kwa Mwingereza ni kulewa, tena kulewa hasa, si kule kuchangamka kidogo ambako wao huita “tipsy”. Waaustralia nao hulitumia kwa ulevi.

Kama hujui mgeni katoka wapi, sikiliza maneno ya jirani. Likifuatwa na “off”, ni hasira, awe wa London au wa Chicago. Likifuatwa na “at” na jina la mtu, kama “pissed at the driver”, ni hasira za Kimarekani: dereva kamuudhi. Likitanguliwa na “get” au “got” bila “off” wala “at”, na kukitajwa jana usiku, baa au bia, mara nyingi ni ulevi. “Pissed as a newt” ni kulewa chakari; newt ni kiumbe wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi. Kwa nini yeye ndiye abebeshwe ulevi wa watu, tumwachie Mwingereza mwenyewe.

Angalieni na ndugu zake. “Piss off” ni kumfukuza mtu kwa matusi. “Taking the piss” ni kumfanyia mtu dhihaka, na hapo hakuna pombe wala hasira.

Kulitumia? Hapana. Asili yake ni kukojoa, na ingawa marafiki wa Kiingereza hulirusha ovyo mezani, hawalisemi mbele ya mkubwa wao wa kazi. Mgeni akilisema mwenyewe, mcheke naye, lakini jibu lako liwe la heshima: “No problem, we can start at ten.” Kwenye ripoti ya kampuni andikeni “drunk”. Na hata hilo liandikwe pale tu mlipomwona akinywa, au harufu ya pombe ikiwa wazi.

Tunasisitiza hilo kwa sababu ya kazi yenu. Kwenye kambi za juu kama Barafu ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, mtu anayeyumba, anayevuta maneno na kujibu mambo yasiyoulizwa anafanana kabisa na mlevi, kumbe ubongo wake unavimba kwa sababu ya mwinuko. Wenzake wanaweza hata kumtania kwa neno hilohilo la “pissed”. Msicheke nao. Mwambieni atembee mstari mnyoofu kama hatua kumi, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, huku mmoja wenu yuko karibu kumdaka. Akishindwa, msibishane kama alikunywa au hakunywa, wala msimwache alale mpaka asubuhi aone kama itapungua. Hali hii inaweza kuua ndani ya saa chache. Mpeni oksijeni kama mnayo, na ashushwe papo hapo, hata kama ni saa nane usiku, akiwa na mtu wa kumshika pande zote mbili.

Na kwenye redio msitume habari kwamba mgeni “kalewa”, maana atakayepokea huko chini hatakuwa na haraka. Semeni anayumba, hawezi kutembea mstari, yuko mwinuko gani, na dalili zilianza saa ngapi.