Mbona picha zangu za ufukweni zimelala tu?

SWALI: Habari mtaalamu. Mi napenda sana kupiga picha za bahari na simu yangu si mbaya, lakini kila nikipiga naona mchanga, maji, mbingu, basi, haina mvuto. Nimekutumia moja ya saa 7 mchana. Nikaiediti, bluu nikaipandisha mpaka mwisho, watu wakanicheka eti maji ya bwawa la kuogelea. Shida ni simu, ni mimi au ni kuediti? Na yale maji yanayotoka kama moshi wanafanyaje?

JIBU: Picha nimeiona, simu yako iache haina kosa. Kwanza bahari imeinama, ukiitazama sekunde 2 unahisi maji yatamwagikia kulia. Washa gridi kwenye kamera (ile mistari inayogawa skrini), ule mstari wa bahari na mbingu uulaze sawa na mstari wa gridi, wa juu au wa chini, usiuweke katikati kama ulivyofanya. Mbingu ina mawingu ya maana? Ipe nafasi kubwa. Tupu kama hiyo yako? Ibakize kipande chembamba.

Ila ugonjwa wenyewe ni kwamba huku mbele hakuna kitu. Umepiga umesimama wima, simu usawa wa uso, bahari kila mtu anaiona hivyo hivyo. Na pale kona ya chini kushoto kuna kidimbwi kimebaki maji yalipopwa, wala hukukijali! Mi ningechuchumaa pale pale, nageuza simu juu chini ili lenzi ikaribie kugusa maji, kidimbwi kinajaa sehemu yote ya mbele na mbingu inaingia ndani yake. Hatua chache tu kutoka uliposimama.

Mwanga sasa. Saa 7 jua liko utosini, mchanga unaonekana kama karatasi. Rudi hapo hapo jua likiwa chini, asubuhi au jioni, utaona hata nyayo zina kivuli. Na jua likizama usikimbilie kuondoka, ngoja dakika 15 au 20, mara nyingi ndo mawingu yanawaka. Mchanga mweupe unaidanganya kamera, inaona mwanga umezidi inatoa picha ya giza giza, kwa hiyo ongeza ekspoja kidogo (kiasi cha mwanga kwenye picha), lakini machweo punguza, maana mbingu ikishaungua ikawa nyeupe pe hakuna programu ya kuirudisha.

Moshi ni shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ikae wazi muda mrefu, sekunde 20 au 30, na mchana lazima filta nyeusi ya kupunguza mwanga pamoja na stendi. Binafsi ule moshi umenichosha, picha zote zinafanana. Jaribu nusu sekunde wimbi linaporudi baharini, povu linachora mistari kwenye mchanga, raha tupu. Stendi izamishe kabisa mchangani kwanza, maji yakipita yanachimba miguu yake. Na futa lenzi, ule ukungu kwenye picha yako nadhani ni chumvi.

Kuediti anza na kunyoosha, shusha sehemu zenye mwanga mkali, pandisha vivuli kidogo, rangi iwe ya mwisho. Ukiona mpaka mchanga umeanza kuwa wa bluu, ujue umepitiliza.

Hiyo ya saa 7 usiifute. Inyooshe, kata mbingu, halafu nitumie tena pamoja na ya kidimbwi.