Jibu: Damu ya kamba kugeuka nyeusi

Habari ndugu. Umesema kamba wako wa kutoka Tanga ukiwatoa damu hapo Moshi inatoka kama maji, halafu dakika chache tu imeganda kama uji na kuwa nyeusi. Haijaoza. Hiyo ni kinga yenyewe kazini: seli za damu zikihisi bakteria, fangasi au hata kioo, zinamwaga profenoloksidesi (kimeng'enya kilicholala), na ikishaamshwa melanini, yaani rangi nyeusi, inatengenezwa. Ni weusi uleule wa kichwa cha kamba aliyelala sokoni.

Kwanza angalia bomba la sindano. Mimi hapa Arusha nililaumu joto la basi wiki mbili nzima, kumbe nilikuwa navuta damu kwa bomba kavu! Mchanganyiko wa sitrati na EDTA, kemikali za kuzuia damu kuganda, uwe tayari ndani ya bomba, umepoa kwenye barafu, kabla sindano haijamgusa kamba. EDTA inashika kalisiamu, na bila kalisiamu damu hiyo haigandi.

Usichuje kwa pamba; inaweza kuachia glukani, minyororo ya sukari kama iliyomo kwenye fangasi, na seli za damu ya kamba zikadhani ni fangasi.

Ukiona bluu hafifu usishtuke, ni hemosianini, protini ya shaba inayobeba oksijeni.