Fimbo ije mwisho: nilivyojifunza kununua joistiki ya gemu za urubani

Joistiki yangu ya kwanza, ile fimbo ya kuongozea ndege kwenye gemu, ilianza kunifia nikiwa futi 200 juu ya ardhi. Nilikuwa natua na Cessna 172, ndege ndogo ya propela, hakuna upepo wa kusumbua, njia ya kurukia imenyooka mbele yangu na mkono wangu umetulia. Ghafla pua ya ndege ikadunda juu, ikarudi, ikadunda tena. Nikapaa upya, nikazunguka, nikajaribu mara ya pili. Vilevile. Nilipofungua lile dirisha la Windows la kusawazishia joistiki (andika joy.cpl, litafunguka) nikaiona sababu kwa macho yangu: fimbo imesimama wima, sijaigusa, na alama ya msalaba kwenye kioo inarukaruka kama bisi sufuriani.

Joistiki nyingi za bei ya chini hutumia potenshiomita. Ni kiguso kidogo kinachoteleza juu ya ukanda wa kaboni. Fimbo ikiinama, kiguso kinasogea, na umeme unaopita unabadilika. Ukanda huo hulika. Hulika zaidi pale katikati, kwa sababu fimbo hushinda hapo karibu muda wote, na katikati ndipo unapouhitaji utulivu zaidi wakati wa kutua. Niliifungua, nikafuta vumbi, nikapuliza dawa ya kusafishia viungio vya umeme. Nikapata wiki chache za nafuu, kisha ugonjwa ukarudi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa yeyote anayeniuliza ni hili: tafuta joistiki yenye vihisi vya sumaku. Humo sumaku inazunguka karibu na kihisi bila kukigusa, hakuna kinachosuguana, hakuna kinacholika. Na si lazima iwe kifaa cha anasa. Thrustmaster T.16000M ni ya kawaida kabisa na ina vihisi hivyo kwenye fimbo. VKB Gladiator NXT nayo haina potenshiomita kwenye mihimili ya fimbo, yaani pande inazoinamia. Hilo likishatimia, acha kwanza kuangalia fimbo. Najua hiyo ndiyo sehemu tamu, ndiyo inayopigwa picha, lakini mimi nilikosea hapo hapo na sitaki urudie.

Baada ya joistiki ile kufa, nilikimbilia fimbo nzito ya chuma yenye mshiko wa ndege ya kivita. Ilikuwa nzuri sana mkononi. Nilipoiweka mezani niligundua mambo mawili usiku uleule. La kwanza, haikuzunguka kwenye mhimili wake kama ile ya zamani, na kule kuzungusha ndiko kulikokuwa usukani wangu wa mkia, ule unaogeuza pua kushoto na kulia. Ghafla sikuwa na namna ya kuigeuza ndege kwenye lami ila kwa vitufe. La pili, kitako chake kirefu pamoja na mshiko mrefu, vyote juu ya meza ya kawaida, vilinyanyua mkono wangu hadi bega likawa linagusa sikio. Baada ya saa moja shingo ilikuwa inawaka. Nilivumilia miezi miwili nikijiambia nitazoea. Sikuzoea.

Kilichoniokoa ni pedali za miguu na klampu ya kufungia joistiki pembeni ya kiti. Havina mvuto wowote kwenye picha, lakini viligeuza urubani wangu kuliko fimbo yoyote niliyowahi kushika.

Nianze na miguu. Ukiipa injini ya Cessna 172 nguvu zote ili upae, propela inayozunguka kulia, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, inaivuta pua kushoto. Rubani anakanyaga pedali ya kulia kidogo kidogo, akiongeza na kupunguza kadiri mwendo unavyoongezeka. Ndege zenye gurudumu la mkia na injini kubwa, kama zile za kivita za miaka ya 1940, huvuta kwa nguvu zaidi; ukichelewa nusu sekunde unajikuta majanini. Ukiwa na fimbo ya kuzungusha, kazi hiyo yote inafanywa na kifundo kilekile cha mkono kinachovuta pua na kulaza mabawa. Hapo ndipo shida ilipo. Jaribu sasa hivi: shika kalamu kama fimbo, uivute kwako na kuilaza kulia kwa pamoja. Kifundo chako kimejizungusha bila kukiuliza. Kwenye gemu, kule kujizungusha ni usukani wa mkia ambao hukuutaka, na ndege inateleza kwa ubavu huku ukijiuliza kwa nini kile kijipira cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kuteleza hakikai katikati.

Kwa helikopta sina hata mjadala. Mkono wa kulia unaongoza fimbo, wa kushoto unainua na kushusha wenzo wa mapanga, miguu inazuia mwili wa helikopta usizunguke. Ukigusa kimoja, viwili vingine lazima vijibu. Nilikaa wiki nyingi nikishindwa kuelea na helikopta ya Huey kwenye gemu ya DCS World kwa fimbo ya kuzungusha. Nilipoweka pedali, nilielea siku ya tatu. Vibaya, lakini nilielea.

Pedali nzuri zina mihimili mitatu: usukani wa mkia, na breki mbili za vidole, kushoto na kulia. Unachotakiwa kuangalia ni kama zitakaa mahali pamoja. Kwenye sakafu laini zinakimbia mbele kila unapokanyaga, na kiti cha magurudumu kinarudi nyuma, kwa hiyo unaishia kujisukuma ukutani. Mimi nilifunga kamba imara kutoka mguu wa kiti hadi kwenye fremu ya pedali, tatizo likaisha.

Sasa mahali pa kufungia. Kwenye ndege nyingi za kivita fimbo iko katikati ya mapaja au pembeni ya paja, mkono umelala, kiwiko kimeegemea. Meza inakupa kinyume chake. Klampu inayoshika ukingo wa meza na kuishusha joistiki chini ya usawa wa meza, au bati linalofungwa kwenye kiti, ndiyo dawa. Pima kwa kiwiko: ukikaa mabega yakiwa yameshuka na kiwiko kimekunjwa kama pembe ya mraba, kiganja chako kinapoangukia ndipo mshiko unapotakiwa kuwa. Nilipoishusha fimbo yangu kiasi cha shibiri, maumivu ya shingo yalikwisha wiki hiyohiyo.

Kushusha huko kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana: kunakupa nafasi ya kurefusha fimbo. Fimbo yenye urefu wa sentimita 20 kutoka egemeo, pale inapoinamia, hadi kiganja, ukiilaza digrii moja, kiganja kinasogea milimita tatu na nusu. Ya sentimita 40 kinasogea milimita saba. Ndege inapokea amri ileile, lakini mkono wako umepewa nafasi maradufu ya kuipima. Kwenye kujaza mafuta angani, ambapo unatakiwa kukaa nyuma ya ndege nyingine kwa dakika kadhaa bila kuyumba, tofauti hiyo naihisi kwenye kila kiungo cha mkono. Ila usirefushe fimbo iliyokaa mezani bila kufungwa. Itapinduka, na springi iliyowekwa kwa ajili ya fimbo fupi italegea mno kuishika.

Hapo ndipo turudi kwenye fimbo yenyewe, na nianze na jambo linalowapotosha wengi. Masanduku hujisifu kwa idadi ya hatua ambazo kihisi kinaweza kuzisoma. T.16000M, kwa mfano, inasoma hatua 16,384 kwa kila mmoja wa mihimili miwili mikuu ya fimbo. Ni nzuri, sibishi. Lakini piga hesabu: hata kihisi cha hatua 1,024 tu, kwenye fimbo inayolala digrii 20 kila upande, kinatambua mwendo wa takribani sehemu moja ya ishirini na tano ya digrii. Kwenye fimbo ya sentimita 20, hiyo ni kama sehemu ya saba ya milimita. Mkono wa kawaida kwenye joistiki haufiki huko. Kinachokuzuia kutua vizuri ni springi na egemeo. Fimbo nyingi zina kijikizingiti pale katikati: ukitaka kuisogeza kidogo, inagoma, unaongeza nguvu, inaachia ghafla, umepita ulipotaka. Unaona ndege inapiga mawimbi, unajilaumu kwamba mkono wako ni mzito, kumbe kifaa ndicho chenye kosa.

Ukipata nafasi ya kuishika fimbo kabla ya kununua, fanya hivi. Ishike kwa vidole viwili, si kwa kiganja. Chora duara dogo, dogo sana, kuzunguka katikati, polepole. Kama duara linakuwa mraba mkononi, yaani unahisi kona nne, mihimili yake miwili haifanyi kazi kama kitu kimoja, na utazihisi kona hizo kila siku. Kisha ilaze pembeni uiachie iende yenyewe. Irudi katikati na kusimama. Ikicheza mara tatu nne ndipo itulie, springi ni kali kuliko uzito wake au egemeo limeanza kulegea.

Kama unarusha helikopta zaidi, tafuta fimbo unayoweza kubadilisha springi na vile vyuma vya kuongozea egemeo. Kampuni za VKB na Virpil zinatengeneza za namna hiyo. Helikopta haitaki katikati kuwe na kizingiti kabisa, kwa sababu ikielea fimbo huwa haipo katikati hata kidogo.

Ila labda hutaki fimbo. Swali la ndege gani unarusha lina uzito kuliko jina la kampuni. Cessna 172 na ndege za abiria za Boeing zinaongozwa kwa usukani wa mikono miwili unaovutwa na kusukumwa. Kama ndizo unazozipenda, usukani kama Honeycomb Alpha, unaozunguka digrii 90 kila upande, utakupa raha ambayo fimbo haiwezi. Airbus, tangu A320 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1988, inatumia kijifimbo cha pembeni, na kapteni anakishika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye nyenzo za injini. Ndiyo maana joistiki isiyo na upande, inayokubali mkono wowote, ni ununuzi wa busara kwa mpenzi wa Airbus. Ukirusha kila kitu, kama mimi, chagua fimbo. Kurusha Boeing kwa fimbo kunavumilika. Kurusha ndege ya kivita kwa usukani ni mateso.

Kuhusu wenzo wa injini sina mengi. Kijiwenzo kidogo kilicho kwenye kitako cha joistiki kinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukifika wakati wa kununua wa peke yake, angalia uzito wa msuguano wake uwe unarekebishika, na vituo vyake viendane na ndege zako: ndege ya kivita inahitaji kizingiti cha kuwashia moto wa nyuma (nguvu ya ziada ya injini), Airbus ina vituo vyake maalumu, na ndege ndogo ya propela inataka pia wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa.

Ukishafunga kila kitu, usikimbilie kuweka eneo bubu, lile eneo la katikati ambalo gemu inajifanya haioni fimbo ikisogea. Liliwekwa kwa ajili ya vihisi vinavyorukaruka. Kwa vihisi vya sumaku anza na sifuri. Mkunjo wa hisia nao, ule unaofanya katikati iwe laini na pembeni iwe kali, uwe mdogo, na uupange kwa kila ndege peke yake. Nilipokuwa na mkunjo mkubwa kwa ndege zote nilikuwa natua vizuri na ndege ya kivita F/A-18, halafu naiangusha Cessna, kwa sababu mkono ulikuwa umejifunza uongo. Fimbo ndefu inahitaji mkunjo kidogo, mara nyingine hakuna.

Jambo moja la nyaya, limenisumbua sana. Joistiki, pedali na wenzo ni vifaa vitatu vya USB, na Windows ina tabia ya kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Pedali zangu zilikuwa zinakufa katikati ya safari ndefu hadi nilipoingia kwenye mipangilio ya umeme na kuondoa ruhusa hiyo. Halafu ukihamisha kifaa kwenye tundu lingine, baadhi ya gemu hukiona kama kigeni na kusahau vitufe vyote ulivyopanga jioni nzima. Mimi nimebandika kipande cha tepu kwenye kila waya, nikaandika kwa kalamu namba ya tundu lake, na namba zilezile nimeziandika nyuma ya kompyuta.