Kwa ndugu wa Kapchorwa: kwa nini nguzo mpya haziingii mashimo ya zamani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wapimaji wa ile laini kuukuu ya umeme inayopanda Mlima Elgon, huku kwetu Uganda, kutoka upande wa Mbale hawachomeki tu nguzo mpya palepale penye za zamani, umeme ukarudi na watu wakaendelea na kazi. Umeuliza pia kama kijiti walichopigilia katikati ya kahawa ya mama yako maana yake shamba limekwenda. Nimekulia Tororo, na kazi ya laini nimeifanya miaka kumi na sita, mingi yake milimani. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Nguzo ya mbao haiozi kwanza juu. Huoza pale inapoingia ardhini, ambapo maji na hewa hukutana, na ukuvu hula kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Ndiyo maana fundi huigonga kwa nyundo na kusikiliza: nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa sauti ya debe lililojaa. Shimo lake lina udongo laini wenye ukuvu uleule. Nguzo ya mita 12 huzikwa karibu mita 2, na ukiizika kwenye udongo uliokwisha kutifuliwa, upepo wa kwanza utaitikisa. Tena, laini ya zamani lazima iendelee kuwaka wakati mpya inajengwa, la sivyo hospitali na vinu vya kusaga vikae gizani miezi. Kwa hiyo mpya husogezwa pembeni.

Lakini sababu kubwa ni mlima wenyewe. Tambarare, nguzo kazi yake ni kubeba waya. Mlimani kuna nguzo ambazo waya unataka kuzing'oa. Fikiria nguzo iliyo bondeni kati ya vilele viwili: mchana jua likiwaka waya hurefuka na kulegea, kila kitu kinaonekana sawa. Usiku baridi ikishuka waya hufupika, unavutwa kutoka juu pande zote mbili, na ile ya bondeni inanyanyuliwa. Nimeviona vikombe, vile vya kushikilia waya umeme usipite kwenye nguzo, vinavyopaswa kuning'inia vikiwa vimegeuka kuelekea mbinguni saa kumi na mbili asubuhi. Mara nyingi dawa yake ni kuiondoa nguzo hiyo na kuvusha waya kutoka kilele hadi kilele, kwa nguzo ndefu na waya wenye uzi wa chuma mzima ndani. Waya wa zamani hauwezi. Ile chuma ya katikati ya aluminiamu imekwisha kwa kutu, na pale unaposhikwa na kibano, nyuzi zake hukatika ndani kwa ndani kwa sababu ya mtikisiko wa upepo, bila mtu chini kuona.

Sasa nikuambie jambo ninalolibeba moyoni. Mwaka fulani tulipata mahali pazuri sana kwenye mteremko: kipande bapa, udongo laini, punda wanafika. (Kwenu mnajua, bila punda saruji na maji havipandi huko.) Bibi mwenye shamba akaja akatuambia, wanangu, hapo mume wangu alihamisha nyumba kwa sababu mlango ulikuwa haufungi. Kila akiuchonga, baada ya mvua unakwama tena. Msimamizi wetu alikuwa na haraka ya tarehe, akamshukuru, tukachimba na kusimamisha nguzo mbili. Mimi ndiye niliyeshika nyundo ya kijiti kile. Mvua za Mei zilipokuja, nguzo zile mbili zililala pamoja na udongo, zikaburuta waya hadi karibu na njia ya watoto wa shule. Mungu alisaidia, umeme ulikuwa haujawashwa. Tulihamia mwambani, mita 60 juu, kwa gharama ya kuanza upya.

Mlango usiofungika ulikuwa kipimo bora kuliko chetu. Kwenye miteremko ya Elgon, kipande bapa chenye unyevu mara nyingi ni udongo ulioporomoka zamani na bado unatambaa. Angalia miti: ikiwa shina limepinda chini kisha likanyooka juu, ardhi hiyo inatembea. Sote tunakumbuka maporomoko ya ardhi ya Bududa, Machi 2010.

Mwambani nako kuna tabu yake, radi. Mwamba haupitishi umeme vizuri, na radi ikipiga nguzo isiyo na njia nzuri ya kwenda ardhini, huruka kwenye vikombe na kuvipasua. Hapo huzikwa waya mrefu wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, kufuata udongo wowote uliopo. Ukiona wanachimba mfereji mrefu usio na bomba, usiwafukuze.

Na tafadhali waambie vijana wasishike waya mpya ulio chini kwa kuwa "haujaunganishwa". Ukiwa sambamba na laini inayowaka, huo waya hupata umeme wenyewe bila kuguswa. Mwenzangu alitupwa na waya wa namna hiyo kwa sababu mtu alisahau kibano cha ethi upande mmoja. Alipona, ila mkono wake wa kushoto hauna nguvu hadi leo.

Kuhusu shamba: kijiti si hati. Katiba yetu, kifungu cha 26, inasema fidia ya haki hulipwa kabla ya ardhi kuchukuliwa, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo mwaka 2015. Uliza msongo (volteji) wa laini, kwa sababu upana hutegemea huo. Kwa kilovolti 132, kwa kawaida ukanda ni mita 30: mita 5 za katikati huchukuliwa, zinazobaki ni zenu, ila hakuna nyumba wala miti mirefu. Mihogo na viazi mtalima. Hesabuni miche ya kahawa mmoja mmoja mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji), mpige picha, na mama asitie kidole kwenye fomu asiyosomewa kwa lugha yake.

Kisha wapimaji wakirudi, mama mwenyewe awapeleke penye chemchemi zinazotoka baada ya mvua kubwa, na penye kila nyumba iliyowahi kuhamishwa. Wakikataa kuandika, nitumie ujumbe hapa, nitakuandikia barua ya kiufundi mpeleke wilayani.