Herufi 3,000 kwanza, kitabu baadaye? Usithubutu

Mkuu, weka hizo kadi chini. Umeuliza eti ukariri kwa kadi herufi 3,000 kwanza, ndipo ufungue kitabu cha Kichina? Njia hiyo nimeipita na najua inakoishia.

Mimi nilikariri 1,500. Miezi kumi na minne, kila usiku, mbele herufi, nyuma maana. Aliyeniingiza mkenge ni mwalimu mmoja wa mtandaoni: fikisha 1,500, gazeti utalisoma huku unapiga mluzi. Na kadi muuzaji ni yeye mwenyewe! Hapo ningeshtuka, lakini ndiyo hivyo, nilishalipa.

Siku ya siku nikafungua hadithi ya watoto. Nikakuta 他马上就来. Zote tano nazijua: yeye, farasi, juu, basi, kuja. Nikafurahi, jamaa anakuja juu ya farasi! Nikasoma hadi mwisho nikimsubiri huyo farasi. Wapi. Kumbe 马上, farasi na juu zikikaa pamoja, ni "sasa hivi". Jamaa anakuja sasa hivi, labda kwa miguu. Mbele kidogo 东西, mashariki magharibi, nikajua wanaelekezana njia. Kumbe ni "kitu". 小心, moyo mdogo, nikamhukumu mtu wa watu kuwa mwoga. Kumbe anaambiwa awe mwangalifu. Cheka tu, hata mimi nacheka nisije nikalia.

Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno, na maneno mengi ni ya herufi mbili. Ukiwa na herufi mojamoja kichwani, huoni neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Halafu kuna 行: kadi yangu ilisema inasomwa xíng, basi. Nikaja kuikuta kwenye 银行, benki, inasomwa háng. Kadi kimya.

Kwa hiyo usijifunze herufi nje ya neno, wala neno nje ya sentensi. Ukiwa na maneno 150 tu, tafuta hadithi fupi za wanaoanza, soma, na neno geni uliandike na sentensi yake nzima. Herufi zitaingia zenyewe: 请, 情, 清 nilikuja kuona nikiwa nasoma kwamba zote zimebeba 青, zote ni qing, toni tu, yaani sauti kupanda au kushuka, ndiyo inabadilika. Miezi kumi na minne ya kadi haikunionyesha hilo.

Hizo kadi umeshalipia?